Uking'atwa na Mbwa, Sema Leo Hii

(Mazungumzo kwa wanafunzi wa sekondari, Robanda, wilaya ya Serengeti)

 

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya ubongo na kinga ya mwili. Najua somo kama hilo, tena saa nane mchana baada ya ugali, linaweza kumlaza mtu hata akiwa amesimama. Kwa hiyo sitaanza na ubongo. Nitaanza na mbwa.

Wewe unayesoma, nyumbani kwenu kuna mbwa? Hapa kwetu boma lisilo na mbwa ni la kutafuta. Mbwa ndiye anayebweka fisi akisogelea mbuzi usiku. Ndiye anayefuatana na mchungaji malishoni. Ni rafiki wa kweli. Lakini rafiki huyu huyu anaweza kukuletea ugonjwa ambao dalili zake zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Ugonjwa huo ni kichaa cha mbwa.

Tuchukue mfano.

NDUGU WAWILI, MBWA MMOJA

Msichana wa Kidato cha Tatu na mdogo wake wa kiume wa Kidato cha Kwanza wanatoka kuchota maji. Njiani anatokea mbwa wasiyemjua. Habweki. Anakuja mbio, udenda unamtoka mdomoni, na bila sababu yoyote anamuuma dada kwenye shavu la mguu. Mdogo mtu anaruka na fimbo, mbwa anamparua kidole kwa meno, kisha anapotelea vichakani.

Jeraha la dada linatoka damu, haliwezi kufichika. Akifika nyumbani anaoshwa kwa sabuni, na kesho yake alfajiri baba anampeleka hospitali Mugumu. Anaanza sindano.

Na yule kijana? Kidole chake kina mchubuko tu. Anajifunga kitambaa, ananyamaza. Yeye ni mura bwana! Atamwambiaje baba habari ya kidole, wakati baba ameshauza mbuzi kwa ajili ya nauli na matibabu ya dada? Baada ya wiki moja mchubuko umekauka. Anamcheka dada yake: "Wewe unachomwa masindano ya nini? Mimi mbona nimepona?"

Je, amepona? Tuwaache hapo kidogo. Tutawarudia.

KIRUSI KINACHODANDIA

Mmeshasikia mengi juu ya virusi vya UKIMWI. Vile hushambulia askari wa mwili, yaani chembechembe nyeupe za damu, mpaka jeshi zima linadhoofika. Kirusi cha kichaa cha mbwa kina ujanja mwingine. Hakipigani na askari. Kinawakwepa.

Kirusi hiki hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Akikung'ata, mate yanaingia kwenye nyama ya msuli. Hapo kirusi kinaweza kutulia siku kadhaa, au hata wiki kadhaa. Halafu kinatafuta ncha ya mshipa wa fahamu.

Mishipa ya fahamu ni zile nyaya zinazounganisha ubongo na kila sehemu ya mwili. Ukikanyaga mwiba, habari inafika ubongoni kwa kupitia huko. Ndani ya kila uzi wa mshipa huo kuna usafiri: mwili hubeba vitu vyake kutoka ncha ya uzi hadi kwenye kiini cha chembe, na kurudi. Sasa kirusi kikishaingia kinadandia usafiri huo, kama kijana anayedandia lori la mizigo bila dereva kujua. Kinapanda hivyo hivyo hadi uti wa mgongo, na kutoka uti wa mgongo hadi ubongoni.

Ndiyo maana mahali ulipong'atwa pana maana kubwa. Jeraha la usoni, kichwani au shingoni liko karibu na ubongo, na safari yake ni fupi. Watoto wadogo ni wafupi, mbwa anawafikia usoni. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 hivi ni watoto wa chini ya miaka 15. Yaani ni wewe, au mdogo wako.

Kwa kawaida dalili hutokea miezi miwili hadi mitatu baada ya kung'atwa. Inaweza kuwa wiki moja, inaweza kufika mwaka. Kidonda kinakuwa kimepona zamani. Kovu limebaki, na mtu ameshasahau.

KWA NINI ASKARI HAWAAMKI?

Hapa ndipo utafiti wa miaka ya karibuni umetufundisha jambo la ajabu.

Chembe ya mwili inapovamiwa na virusi, kwa kawaida inapiga yowe. Inatoa kemikali za kuwaita askari, na mara nyingi inakufa pamoja na adui aliyeko ndani yake. Ni kama boma likivamiwa na wezi wa ng'ombe: yowe likipigwa, majirani wote wanatoka. Kirusi cha kichaa cha mbwa kinaziba mdomo wa anayetaka kupiga yowe. Kinazuia zile kemikali za kuita msaada. Tena kinatunza ile chembe ya mshipa isife, maana ikifa, safari imekatika.

Kuna jambo la pili. Ubongo umezungushiwa ukuta. Mishipa ya damu ya ubongoni imebanana sana, hairuhusu kila kitu kuingia. Ukuta huo ni wa faida, unazuia sumu na vijidudu vingi. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Thomas Jefferson, mjini Philadelphia, Marekani, walipofanya majaribio kwa panya waliona hivi: panya walioambukizwa kirusi kilichopunguzwa makali, ukuta ulifunguka, askari wakaingia ubongoni, kirusi kikafagiliwa. Panya walioambukizwa kirusi chenye makali yake ya asili, ukuta ulibaki umefungwa. Askari wakabaki nje, na panya wakafa.

Umeona? Mwili una jeshi, na jeshi lina nguvu. Tatizo ni kwamba jeshi linapata habari wakati adui ameshajifungia ndani.

Akishafika ubongoni, kirusi kinazaliana, kisha kinateremka tena kwa mishipa ile ile hadi kwenye tezi za mate. Wakati huo huo ubongo unavurugika: mbwa mpole anakuwa mkali, anang'ata watu, ng'ombe, hata fimbo. Yaani kirusi kimejipatia mate ya kusafiria, na mdomo wa kuyapeleka.

Kwa binadamu huanza homa, kichwa kuuma, na mara nyingi kuwashwa au ganzi pale pale penye kovu. Halafu mgonjwa anashindwa kulala, anahangaika, akitaka kunywa maji koo linakaza kwa nguvu mpaka anaogopa hata kuyaona. Wengine hawapigi kelele wala kuhangaika, wanapooza polepole. Kisha hufuata kifo, mara nyingi ndani ya siku chache. Si pepo huyo, wala hakurogwa na jirani. Ni ugonjwa wa ubongo, na mgonjwa anastahili kutunzwa kwa upole hadi mwisho.

CHANJO: KUPIGA YOWE MAPEMA

Sasa habari njema. Ule muda kati ya meno ya mbwa na ubongo ni zawadi. Ukiutumia, unapona.

Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Ufaransa, mtoto wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister aliletwa kwa mwanasayansi Louis Pasteur. Alikuwa ameng'atwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Pasteur alikuwa na chanjo aliyokuwa ameijaribu kwa mbwa. Mtoto akapewa sindano 13, na hakupata ugonjwa. Tangu siku hiyo dunia imejua kwamba mtu anaweza kuchanjwa baada ya kung'atwa na bado akaokoka. Kwa chanjo nyingi hilo haliwezekani.

Linawezekana kwa sababu kirusi hiki hakifiki haraka. Chanjo ina kirusi kilichouawa. Hakiwezi kukuambukiza, lakini askari wako wanaiona sura yake waziwazi mkononi, na wanatengeneza kingamwili, yaani silaha za kumkamata adui mwenye sura hiyo. Kazi hiyo inachukua wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo ni mbio. Huku kirusi kinatafuta mshipa, huku jeshi linafua silaha. Ukianza sindano siku ile ile au kesho yake, jeshi linawahi. Ukingoja mpaka dalili zianze, mbio zimekwisha.

Kwa majeraha mabaya, mganga huongeza sindano ya kingamwili zilizokwisha tengenezwa, akichoma pale pale kwenye jeraha. Hizo zinashika zamu wakati jeshi lako linajiandaa.

Wazee wengine watakutisha kwamba utachomwa sindano nyingi za tumboni. Zamani ilikuwa hivyo kweli. Chanjo za sasa huchomwa mkononi kwenye bega. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hata ratiba ya wiki moja tu, ya sindano ndogo za kwenye ngozi: siku ya kwanza, siku ya tatu baada yake, na siku ya saba. Hospitali itakupa ratiba wanayoitumia. La muhimu ni kumaliza. Utafiti uliofanywa huku huku Serengeti na Ngorongoro ulionyesha kwamba wengi walioanza hawakumaliza, kwa sababu ya nauli, gharama, au chanjo kukosekana. Hatuwezi kudanganyana, chanjo haipo kila zahanati. Lakini ukikosa hapa, usirudi nyumbani kulala. Uliza: "Ipo wapi?" Mganga apige simu hospitali nyingine kabla hamjapoteza nauli.

UFANYE NINI?

Kwanza, osha jeraha hapo hapo. Maji mengi yanayotiririka na sabuni, hata kipande cha sabuni ya kufulia, kwa dakika 15. Angalia saa, dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Kirusi hiki kimevaa koti la mafuta, na sabuni inaliyeyusha. Usipake mafuta ya taa, pilipili, tumbaku wala majani. Lile jiwe jeusi la kubandika halinyonyi kirusi. Yote hayo yanakupotezea muda.

Pili, sema leo hii. Mwambie mzazi, mwalimu, bibi, yeyote mkubwa. Mchubuko mdogo wa meno au makucha nao ni jeraha. Mate yakigusa jicho au mdomo, nenda hospitali vile vile. Mbwa akikulamba kwenye ngozi isiyo na jeraha, hiyo haina hatari.

Tatu, nenda kituo cha afya au hospitali, usingoje kuona mbwa atakuwaje. Kama mbwa anajulikana, afungwe na aangaliwe kwa siku 10 huku wewe umeshaanza sindano. Akiwa mzima baada ya siku hizo, daktari ataamua kama usimamishe. Akifa, msimtupe, mwambieni afisa mifugo, na asiguswe kwa mikono mitupu.

Nne, ni la wachungaji. Ng'ombe au mbuzi anayetoa udenda na kushindwa kumeza, usidhani amekwamwa ukaingiza mkono mdomoni. Anaweza kuwa aling'atwa malishoni. Mwite afisa mifugo.

UGONJWA HAUTOKI MBUGANI

Watu wengi hapa husema, "Magonjwa haya yanaletwa na wanyama wa hifadhi." Watafiti walilichunguza swali hilo Serengeti kwa miaka mingi. Jibu walilolitoa mwaka 2008 ni kinyume. Wanyamapori kama mbweha na nyegere huambukizwa, lakini wanaoutunza ugonjwa usiishe ni mbwa wetu wa nyumbani. Sisi ndio tunaoupeleka mbugani.

Tena tuliwahi kuona hasara ya kupeleka magonjwa huko. Mwaka 1994 simba wapatao 1,000 wa Serengeti, kama theluthi moja ya wote, walikufa kwa ugonjwa mwingine wa mbwa unaoitwa distempa, ambao nao hushambulia ubongo. Wapo kati yenu ambao ada zao zinalipwa na mzazi anayefanya kazi kambi ya watalii. Afya ya mbwa wa kijijini inagusa hata ada hiyo.

Kuna utafiti mwingine nataka muujue, maana ulifanyika katika wilaya yenu. Tangu 2002 hadi 2016 watafiti walifuatilia kichaa cha mbwa wilaya ya Serengeti, nyumba kwa nyumba: nani kang'atwa, na mbwa gani, huyo mbwa aling'atwa na nani. Wilaya ilikuwa na mbwa kama 50,000. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022: hata siku ugonjwa ulipokuwa umechachamaa, wagonjwa hawakuzidi mbwa 15 katika kila 10,000. Ndiyo maana tunajisahau. Unaweza kukaa mwaka mzima usimwone hata mmoja.

Matokeo ya mwanzo ya kazi hiyo, ya mwaka 2009, yalionyesha kwamba mbwa mmoja mgonjwa huambukiza kwa wastani zaidi kidogo tu ya mbwa mmoja. Wanahesabu, nisikilizeni: kama kila mgonjwa anaacha mgonjwa mmoja na ushee, ukipunguza kidogo tu, ugonjwa unakufa. Ndiyo maana wataalamu wanasema tukichanja mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka, moto unakosa kuni. Hakuna haja ya kuua mbwa. Daktari wa mifugo Magai Kaare na wenzake walionyesha kwamba katika vijiji vya wakulima-wafugaji kandokando ya hifadhi lengo hilo linafikiwa kwa kuweka tu kituo cha chanjo kijijini na watu kuleta mbwa wao. Kisiwani Pemba chanjo za pamoja zilianza mwaka 2010, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Walipolegea ukarudi mwaka 2016. Wakachanja tena, ukatokomea mwaka 2018. Wameweza wao, sisi tushindwe na nini?

Na kina nani huwaburuta mbwa kwenye kituo cha chanjo, mbwa amefungwa kamba, anagoma njia nzima? Ni ninyi! Baba yuko shambani, mama yuko sokoni. Mtoto wa shule ndiye anayekwenda. Basi siku ya chanjo ikitangazwa, usiwaache watoto wa mbwa nyumbani kwa kudhani ni wadogo mno. Wachanjwe nao, hata kama hawajafikisha miezi mitatu. Kadi ya chanjo itunzwe pamoja na kadi ya kliniki ya mdogo wako.

TUWARUDIE WALE NDUGU

Tuliwaacha dada akiwa anamalizia sindano, na mdogo wake anacheka.

Mfano huu ni wetu, kwa hiyo mwisho tunao sisi mikononi. Upo mwisho mmoja ambamo, miezi miwili baadaye, kijana anaanza kukuna kile kidole usiku, na asubuhi anashindwa kumeza chai. Mwisho huo siutaki, na hospitali zimeuona mara nyingi mno. Duniani kote watu wapatao 59,000 hufa hivyo kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika.

Mwisho ninaoutaka ni huu. Jioni ile ile dada anakumbuka. Anamwita mdogo wake pembeni: "Hebu nione hicho kidole." Kijana anakataa. Dada hamchongei kwa makelele, wala hamwiti mwoga. Anamwambia tu, "Yule mbwa alikuwa mmoja. Mate yalikuwa yale yale." Kisha wanakwenda pamoja kwa baba. Baba anakasirika kidogo, anakuna kichwa, anahesabu mbuzi. Asubuhi wanapanda gari la Mugumu wote watatu.

Vijana, ujasiri wa kuvumilia maumivu mnao, Mara nzima inajulikana kwa hilo. Lakini kirusi hiki hakijali kwamba ulivumilia bila kulia. Kwa ugonjwa huu jasiri ni yule anayesema. Na kama wewe hukung'atwa, bali rafiki yako wa dawati moja amekuonyesha mchubuko na kukuapisha usimwambie mtu, hicho kiapo kivunje. Atakununia wiki moja. Mwache anune, akiwa hai.



JADILINI DARASANI

1. Kwa nini mtu anaweza kuchanjwa baada ya kung'atwa na bado akapona?

2. Kutoka nyumbani kwenu, hospitali yenye chanjo ya kichaa cha mbwa ni ipi? Kama hujui, nani utamuuliza wiki hii?

3. Hesabuni mbwa wa nyumbani kwenu wote darasani. Wangapi wamechanjwa mwaka huu? Je, mmefika 70 katika kila 100?